Bahasha Yenye Mwandiko Wangu

Wanangu, ninyi mlioajiriwa juzi na mnaokalia sasa kile kiti changu cha plastiki kwenye dirisha la dawa, marahaba. Mmoja wenu alinikuta sokoni Korogwe nikichagua nyanya, akaniuliza, "Bibi, hawa watu wa tumbo uliwezana nao vipi? Mimi wananichosha. Leo unampa dawa, wiki ijayo karudi." Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa kali na mwenye nyanya alikuwa ananikodolea macho. Leo nimekaa, miguu nimeinyoosha, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Mimi ni Mwajabu, Mzigua wa Handeni, nesi wa zahanati tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Nilianzia Handeni, nikamalizia Magoma, huku Korogwe, na sasa nakaa Kilole na magoti yangu mabovu.

Watu wa tumbo mtawajua kabla hawajafungua mdomo. Anaingia ameweka kiganja hapa, kwenye chembe ya moyo, anabeua huku anaomba samahani. Atakuambia moto unapanda kooni, mdomoni kuna uchachu, tumbo limejaa gesi mpaka mkanda haufungi. Halafu atamalizia, "Nesi, mimi nina vidonda vya tumbo." Ukimuuliza nani kampima, atasema jirani. Huku kwetu kila kiungulia ni vidonda vya tumbo, na kila kidonda kina jirani aliyekigundua.

Nilipoanza kazi nilikuwa na dawa moja na maneno mawili. Dawa ilikuwa vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye ladha ya chaki. Maneno yalikuwa "acha pilipili." Siku moja mama mmoja akanijibu, "Nesi, mimi pilipili sijaila tangu nizaliwe." Nikamwambia, "Basi endelea kutoila," nikaita anayefuata. Nilijiona hodari kwelikweli.

Tabibu wetu wakati ule alikuwa Mzee Mhina, Msambaa wa milimani, mpole wa sauti lakini king'ang'anizi. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Jioni akaniita.

"Mwajabu, yule mama umemuuliza nini?"

"Nimemuuliza anaumwa wapi, mzee."

"Na jana alikula nini, saa ngapi, akalala saa ngapi?"

"Hilo sikumuuliza."

"Basi hujamtibu. Na usiwaulize huwa wanakula nini, watakuambia kile wanachotamani wangekuwa wanakula. Uliza jana. Jana tu, kuanzia alipofumbua macho hadi alipoyafumba. Na wewe ukae kimya."

Swali hilo la jana lilinifundisha kazi kuliko madaftari yote ya chuoni. Msimu wa machungwa kule Handeni nilimpata fundi baiskeli aliyekuwa anafungua kinywa kwa machungwa manane, halafu anashangaa kifua kuwaka. Nikampata dereva wa lori aliyekuwa anakunywa soda ili abeue. Akibeua anafurahi, anadhani ugonjwa umetoka, kumbe ametoa gesi aliyoinywa mwenyewe dakika mbili zilizopita. Nikampata mwalimu aliyekuwa anakula mara moja kwa siku, saa tatu usiku, sahani ya mlima, na saa tatu na nusu yuko kitandani.

Ila swali peke yake halitoshi, ushauri nao una mitego yake. Mama mmoja nilimwambia apunguze maharage kwa ajili ya gesi. Wiki iliyofuata akaja amechangamka, "Nesi, maharage nimeacha kabisa. Sasa hivi nakula kunde." Tumbo likawa pale pale. Kuanzia siku hiyo niliacha kukataza watu chakula chao nikaanza kuwafundisha kukipika. Loweka maharage usiku kucha, yale maji mwaga, pika kwa maji mapya mpaka yaive hasa, kula kiasi, tafuna. Nilikuwa napika nyuma ya zahanati kwenye jiko la mkaa ili waone kwa macho yao, na wafanyakazi wenzangu hawakulalamika.

Halafu kuna yule mzee wa Magoma wa kitanda. Moto ulikuwa unampanda kila akilala, nikamwambia anyanyue kitanda kwa tofali mbili. Mito mingi haisaidii, inakunja tumbo tu. Kinachotakiwa ni kitanda chenyewe kiiname, kichwa kiwe juu. Akarudi amekasirika. "Nesi, tangu nikusikilize, moto unanifuata hadi puani!" Nikaenda kwake. Tofali zilikuwepo, nzuri kabisa, chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni. Kwa nini? Kwa sababu upande wa kichwani kulikuwa na sanduku la mke wake na hilo haligusiki. Sikubishana na sanduku. Nilichukua mto nikauhamishia upande wa pili. Wiki hiyo alilala usingizi wake, akaniletea papai.

Nacheka, lakini msije mkadhani tumbo ni la kuchekea. Mtu akikuambia choo kimekuwa cheusi kama lami, au ametapika damu, au chakula kinakwama akimeza, au nguo zinampwaya bila sababu, usimpe chaki. Mwandikie rufaa aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu mzima anayetoka jasho huku kifua kinambana na maumivu yanakwenda begani au mkononi, huyo usimwite wa kiungulia kabisa, mkimbize. Hapo sina utani.

Sasa niwaeleze la Salimu, maana hilo ndilo nililokalia hapa kuwaambia, na yale mengine nilikuwa napasha mdomo.

Salimu alikuwa mkata mkonge, kijana wa miaka thelathini na kitu. Baba yake alishuka kutoka milimani akahamia Magoma. Alikuwa ameoa binti wa kwetu Handeni, Zaituni, na walikuwa na mtoto wa kike wa mwaka mmoja. Salimu alikuja dirishani kwangu mara tatu na kiungulia, na mara zote tatu nilimpa vidonge vya chaki. Ndiyo, mimi yule yule niliyefundwa na Mzee Mhina. Foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa nimezeeka kazini kiasi cha kudhani najua kabla ya kuuliza.

Jumatano moja akaja Zaituni, mtoto mgongoni. Hakuwa mgonjwa. Alisubiri foleni iishe, akasogea dirishani, akaongea akiangalia chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Mtoto mzima. Mama, wanasema nimemlisha."

Mnajua maana yake. Wanasema amemtilia mumewe kitu kwenye chakula, limbwata au kibaya zaidi, na ndicho kinachomchoma tumbo. Aliyeanza maneno hayo alikuwa Mama Rehema, dada mkubwa wa Salimu, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alishampiga marufuku mdogo wake kula nyumbani kwake mwenyewe. Salimu alikuwa anakula kwa dada yake tu. Jumamosi kilikuwa kimeitishwa kikao cha ukoo, Zaituni arudishwe Handeni.

"Na mtoto abaki," akasema. "Wanasema mtoto ni wao."

Niliwaka. Watu wa Korogwe wana maneno yao kuhusu sisi wa Handeni. Mtu akikohoa tu baada ya kula kwetu, basi ni waganga wetu. Nikamwambia Zaituni, "Nenda nyumbani. Kesho nakuja." Nilikuwa nimeshaamua kwamba binti yule harudi Handeni kwa ajili ya kiungulia.

Alhamisi alasiri nikachukua bodaboda hadi kwao. Salimu alikuwa amejilaza kwenye mkeka ukumbini, amekonda. Nikaketi kwenye kigoda nikamwambia anisimulie jana yake yote.

Aliamka kabla ya adhana, kwa sababu wakata mkonge hupimiwa kazi ya siku na kila mmoja anataka amalize kabla jua halijakomaa. Alikunywa chai ya rangi kali, yenye ndimu.

"Na kitafunwa?"

"Hapa sili, mama. Nimekatazwa."

Alikata mkonge hadi saa saba mchana na tumbo tupu. Akarudi, akalala. Saa mbili usiku akaenda kwa dada yake, akapakuliwa ugali na maharage hadi sahani inamwagika. "Kula mdogo wangu, kwangu uko salama." Baada ya kula akapewa kikombe cha maji ya magadi ili kuondoa kile alicholishwa. Akarudi nyumbani, akajitupa kitandani chali.

Kwa hiyo kadiri walivyozidi kumkinga na chakula cha mke wake, ndivyo tumbo lilivyozidi kuharibika, na kadiri lilivyozidi kuharibika ndivyo walivyozidi kuamini. Nilikuwa karibu kufurahi. Nilishaona ninavyokwenda kuwasomea Jumamosi.

Kisha akajishika kiuno akajigeuza kwa shida.

"Na mgongo vipi?" nikamuuliza.

"Ah, mgongo ndiyo kazi yenyewe hiyo. Lakini huo nimeuweza, dawa ninayo."

Akanyoosha mkono kwenye shati lililoning'inia msumarini, akatoa bahasha ndogo ya dawa, imechakaa hadi pembe zimekuwa laini. Juu yake iliandikwa 1×3. Tatu yenyewe ilikuwa na kichwa bapa na mkia mrefu, na hapa nchini sijaona mtu mwingine anayeandika tatu ya namna hiyo.

Nilimpa mimi. Mgongo ulipomzidi miezi mingi nyuma, nilimhesabia vidonge vya maumivu, nikaandika 1×3, nikaita anayefuata. Sikuandika ale kwanza. Sikuandika siku ngapi. Vilipokwisha, akawa ananunua vingine duka la dawa akionyesha bahasha ile ile, kwa sababu ilikuwa imeandikwa na nesi. Cha kwanza alikuwa anakimeza alfajiri, na chai ya ndimu, tumboni hamna kitu. Vidonge vile vya maumivu ukivimeza hivyo kila siku vinachubua tumbo, na mimi nilikuwa nalijua hilo kabla Salimu hajaoa.

Sikumwambia kitu pale zaidi ya kwamba asivimeze tena mpaka nimwambie. Nikaomba ile bahasha. Kwenye bodaboda wakati wa kurudi, nawaambia ukweli, nilitafuta njia ya kujificha. Ningeweza kumwachisha vile vidonge kimyakimya, tumbo lingepona polepole, na hakuna ambaye angejua. Lakini tumbo lisingepona kabla ya Jumamosi. Jumamosi Zaituni angepanda gari la Handeni bila mtoto wake, na mimi ningekuwa Magoma nahesabu vidonge. Nilijionea aibu hata kuwaza.

Ijumaa nilimweleza mganga mfawidhi wetu, kijana mdogo kuliko mwanangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, nenda ukaseme. Mimi nitaandika rufaa apimwe Korogwe." Nilimshukuru kwa kutoniongezea neno.

Kikao kilikuwa barazani kwa Mama Rehema. Wanaume viti, wanawake mikeka. Baba mkubwa wa Salimu ndiye aliyekuwa msemaji. Zaituni alikaa pembeni na mtoto mapajani, na kando yake kulikuwa na mfuko wa nguo uliokwisha kufungwa. Nikaomba ruhusa ya kusema, nikapewa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanitoka.

"Mnamtafuta aliyemlisha Salimu," nikasema. "Ni mimi."

Nikaweka bahasha katikati ya mkeka, nikaeleza kila kitu, vidonge, chai, tumbo tupu, na vile nilivyoshindwa kuandika maneno matatu. Nilipomaliza, Mama Rehema ndiye wa kwanza kusema.

"Nesi, tunakuheshimu. Lakini wewe ni Mzigua na huyu ni Mzigua. Unambebea mwenzio msalaba."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alhamisi ningekasirika, siku hiyo sikuweza. Nikamgeukia Zaituni. "Mwanangu, kadi ya kliniki ya mtoto unayo?"

Alifungua ule mfuko wa safari, akaitoa kutoka chini ya nguo. Kwenye kadi ile mimi ndiye niliyekuwa naandika uzito wa mtoto kila mwezi. Baba mkubwa akavaa miwani, akaweka kadi na bahasha sambamba gotini, akaziangalia mpaka mtoto akaanza kulia.

"Tatu ni ile ile," akasema. "Mwandiko ni mmoja."

Nikasema na lililobaki, na hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Mama Rehema, sahani unayompakulia usiku ni kubwa mno, na yale magadi yanamuumiza."

"Mimi nimemlea huyu kwa mikono yangu!"

"Najua, dada. Ndiyo maana sahani inajaa."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Baba mkubwa akatoa uamuzi: mwezi mmoja. Salimu atakula kwa mke wake. Akipata nafuu, maneno yafe. Asipopata, watakaa tena.

Mwezi ule sijawahi kufanya kazi kama ile. Hospitali ya Korogwe walimpima, wakampa dawa ya kupunguza asidi, ameze asubuhi nusu saa kabla ya kula, kwa wiki walizomwandikia. Ya hospitali yakaishia hapo, yaliyobaki yakawa yangu na Zaituni. Uji alfajiri kabla hajashika panga. Chai ya ndimu ikakoma. Mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli la mfuniko, aibebe shambani, ale saa nne. Chakula cha jioni kabla ya magharibi, sahani ya wastani, halafu atembee hadi kisimani na kurudi, asilale mpaka saa tatu zipite. Tofali mbili, upande wa kichwani, nilizihakikisha kwa mkono wangu. Alale kwa ubavu wa kushoto. Kwa mgongo, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Kila Jumatano nilikuwa pale, mvua au jua, na swali langu la jana.

Wiki ya pili ikaharibika. Mama Rehema alikuja zahanati anapiga kelele toka getini kwamba mdogo wake amelala amejikunja na moto umerudi. Nikafunga dirisha nikaenda naye. Salimu alikuwa amejikunja ameegemea ukuta, Zaituni amesimama mlangoni rangi imemtoka. Nikakaa kwenye kigoda.

"Jana, Salimu. Yote."

Akatazama chini. "Jana... kulikuwa na harusi ya rafiki yangu."

"Ulikula nini?"

"Pilau."

Kabla sijauliza, Mama Rehema akadakia, "Sahani ngapi?"

"Tatu."

"Na soda?"

"Mbili."

"Ukalala saa ngapi?"

"Nilipofika tu."

"Salimu!" akasema dada yake. "Sahani tatu, na wewe mgonjwa? Unataka nimwadhiri mke wa watu bure?" Nilitamani Mzee Mhina angekuwepo asikie swali lake kutoka kwenye kinywa kile.

Mwezi ukaisha. Wakaja kukaa tena, safari hii nyumbani kwa Salimu. Kiganja chake kilikuwa kimeacha kukaa kwenye chembe ya moyo. Nilikuwa naangalia kila saa, hakikurudi. Baba mkubwa alimuuliza mara tatu kwa namna tatu, na mara tatu akajibu analala na anaamka bila moto. Zaituni akaleta chakula: bada, ule ugali wetu wa muhogo, na perege wa mchuzi mwepesi na mchicha. Wanaume wakanawa wakala.

Mama Rehema hakunawa. Alikaa mikono imekunjwa mapajani. Sote tukawa tunajifanya tunakula huku tunaitazama ile mikono, na Zaituni amesimama na jagi la maji, hajui asogee au arudi nyuma.

Kisha Mama Rehema akakunjua kanga mabegani, akanyoosha mikono.

"Nimwagie maji, wifi."

Alinawa. Akakata tonge, akalichovya, akala. Akakata la pili. Akamgeukia mdogo wake akamwambia, "Tafuna, Salimu, hakuna anayekufukuza." Zaituni hakulia siku ya kikao cha kwanza, na mfuko umefungwa miguuni. Siku hiyo alilia, akasahau jagi bado limeinama, na maji yakamwagika mkekani mpaka yakafika miguuni kwangu. Hakuna aliyemwambia aache.

Bahasha ile ninayo hapa Kilole, ndani ya kopo la vifungo. Magoti yakiniruhusu nitakuja kuwaona pale dirishani, na sitakagua mmevaa nini wala mmefika saa ngapi. Nitaomba kuona mwandiko wenu. Muulizeni mtu jana yake kwanza, halafu mwandikieni kwa maneno: baada ya kula, kwa siku tano, usiongeze bila kurudi. Foleni ikiwa ndefu, iacheni isubiri.